Tazama Moto Kabla ya Kulipa

Namna ya kuitambua gyro njema katika jiji la Chicago, na funzo lake kwa familia zetu

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, ukilitazama neno gyro kwa haraka huenda mawazo yako yakakimbilia Gairo, ule mji ulio njiani baina ya Morogoro na Dodoma. Hutakuwa umepotea peke yako. Wamarekani wengi nao hulitamka neno hilo kwa kubahatisha, huyu akisema “jairo” na yule “gairo”, na muuzaji huwaelewa wote maadamu wana fedha mkononi. Wagiriki, ambao ndio wenye neno, husema “yiro”, na maana yake ni mzunguko.

Maana hiyo ndiyo chakula chenyewe. Gyro ni nyama iliyoshikizwa katika mhimili wa chuma uliosimama wima, ikizunguka polepole mbele ya moto. Upande unaoutazama moto huiva na kukauka kidogo. Mpishi huukata kwa kisu kirefu, vipande vyembamba vikaanguka, na sehemu iliyokuwa ndani ikapata zamu yake ya kuota moto. Vipande hivyo hufungwa ndani ya mkate bapa uitwao pita, ambao ni mnene kuliko chapati zetu, pamoja na nyanya, vitunguu na mchuzi mweupe, mzito na baridi, wa mtindi uliochanganywa na tango, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mchuzi huo Wagiriki huuita tzatziki.

Pengine utauliza chakula cha Wagiriki kinaihusu nini familia ya mfanyakazi wa hapa kwetu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wapo vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi katika miji mikubwa ya Marekani, ambako gyro ni chakula cha kila siku cha mtu asiye na muda wala fedha nyingi. Ya pili ni kwamba gyro ana dada yake, shawarma, ambaye amekwisha kuhamia katika miji yetu na kupokewa kwa mikono miwili.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na huyo dada. Jumamosi moja jioni nilimnunulia binti yangu, mwenye umri wa miaka saba, shawarma katika kibanda kimoja jijini Dar es Salaam. Nyama ilikuwa imesimama tuli na jiko limezimwa, nadhani kwa kubana matumizi ya gesi. Muuzaji alikata alichokata, akakitia ndani ya mkate, akanikabidhi. Niliyaona yote hayo nami sikusema neno, kwa sababu tulikuwa na njaa na hapakuwa na foleni. Usiku wa manane mtoto alianza kutapika, na kulipopambazuka tulikuwa tumeketi kwenye benchi la zahanati. Ashukuriwe Mola, alipona. Lakini swali la mama yake lilinibakia: “Kwani Baba Neema, hukuona?” Kuona nilikuwa nimeona. Nilichokikosa ni kujua maana ya nilichokiona.

Ndipo nikaanza kuufuatilia ukoo huu wa nyama izungukayo, na njia ikanifikisha Chicago.

MAJINA MATATU, MAANA MOJA

Katika karne ya 19, ndani ya dola ya Uthmaniya, na hasa katika mji wa Bursa ulio Uturuki ya leo, wapishi waliisimamisha wima nyama ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikichomwa kwa kulazwa juu ya makaa. Ni mageuzi madogo yenye faida kubwa: mafuta, badala ya kudondokea motoni na kuzua moshi, yaliteremka juu ya nyama yenyewe na kuilainisha. Picha iliyopigwa mjini Istanbul mwaka 1855 na mpiga picha James Robertson yamwonyesha muuzaji na nyama yake ya namna hiyo.

Waturuki waliiita döner, yaani kinachozunguka. Waarabu walilichukua neno jingine la Kituruki lenye maana ya kugeuza, wakalilainisha likawa shawarma. Wagiriki nao, baada ya miaka mingi ya kutumia jina la Kituruki, wakaiita gyro. Majina ni matatu na maana ni moja. Uyakumbuke haya, ndugu msomaji, kwani tutayarudia: chakula hiki kimeitwa kwa jina la kitendo cha kuzunguka wala si kwa jina la nyama.

Kilifikaje kwa Wagiriki? Kilifika pamoja na machozi. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1922, na mapatano yaliyotiwa sahihi Lausanne mwaka 1923, Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja walihamishwa kutoka Uturuki kwenda Ugiriki, na Waislamu laki kadhaa wakahamishwa kutoka Ugiriki kwenda Uturuki. Watu waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Wengi walishukia katika bandari ya Piraeus na mjini Thessaloniki bila kitu, isipokuwa kile ambacho askari wa forodha hawezi kukikagua: ujuzi wa mikono. Mwenye kujua kuchoma nyama alifungua kibanda, akachoma nyama.

Wagiriki ni watu wa kusafiri. Wako waliofika hata Tanganyika wakawa wakulima wakubwa wa mkonge. Walio wengi zaidi walivuka Atlantiki, na maelfu miongoni mwao waliweka makazi Chicago.

JIJI LA MEI MOSI NA LA NYAMA

Kila mfanyakazi anayeandamana siku ya Mei Mosi ana deni kwa Chicago. Ni huko ambako mwezi Mei mwaka 1886 wafanyakazi waligoma wakidai kazi ya saa nane kwa siku, na ni katika uwanja wa Haymarket, tarehe 4 ya mwezi huo, ambako bomu lilitupwa na damu ikamwagika. Viongozi wanne wa wafanyakazi walinyongwa mwaka uliofuata. Kutoka mahali hapo kwenda kwenye migahawa ya Wagiriki katika mtaa wa Halsted ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mtaa huo huo wa Halsted, ukiufuata kuelekea kusini, ulipita pembeni mwa mazizi makubwa na viwanda vya nyama vilivyofanya kazi tangu mwaka 1865 hadi mwaka 1971. Hali ya viwanda hivyo ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwandishi Upton Sinclair alipotoa riwaya yake The Jungle mwaka 1906, Wamarekani walishtuka kusoma kilichokuwa kikiingia katika nyama yao, na mwaka huo huo serikali ikapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Basi Chicago imekwisha kulijibu swali la mke wangu mara moja katika historia yake. Watu walikuwa wakiona kopo, hawakujua kilichomo.

Katika jiji hilo ndimo gyro ilimoingia kiwandani. Nani alianza? Heshima hiyo inagombewa. George Apostolou alidai kuwa aliiuza Chicago tangu mwaka 1965. Wengine humtaja John Garlic wa Milwaukee, mji jirani, ambaye hakuwa Mgiriki hata kidogo, na ambaye jina lake, kwa bahati ya kuchekesha, kwa Kiingereza ni kitunguu saumu. Yeye na mkewe Margaret walianzisha kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mgiriki Chris Tomaras alianzisha kampuni ya Kronos mjini Chicago mwaka 1975. Lisilogombewa ni hili: katika miaka hiyo nyama ya ng'ombe na ya kondoo ilianza kusagwa pamoja, ikachanganywa na chembe za mkate, kitunguu saumu na viungo vingine, ikashindiliwa kwa mashine hata ikawa pia kubwa, ikagandishwa na kusambazwa Marekani nzima. Huko Ugiriki, kinyume chake, gyro aghalabu ni vipande vizima vya nyama ya nguruwe, au kuku, vilivyopangwa tabaka kwa tabaka.

Matokeo yake ni jambo ambalo mgeni hulijua akiwa amechelewa. Migahawa na vibanda vingi vya Chicago huuza nyama iliyotoka katika viwanda vichache vile vile. Rangi ya buluu na nyeupe ukutani, picha ya hekalu la kale, jina la mungu wa Kigiriki mlangoni, vyote hivyo havikuambii kitu. Mtaa wa Wagiriki wenyewe umepungua. Mgahawa mashuhuri wa The Parthenon, uliofunguliwa mwaka 1968, ulifungwa mwaka 2016. Lakini gyro imeenea kila pembe ya jiji, ikiuzwa na Waarabu, Wameksiko na wengineo, nao wako wanaoipika vizuri kuliko wenye asili yake.

Ikiwa nyama ni ile ile, tofauti iko wapi? Iko katika moto, kisu na saa.

MAMBO YA KUTAZAMA

Kwanza tazama mzunguko. Nyama ikizunguka na moto ukiwaka, uso wake utang'aa kwa mafuta yanayoteremka na utaisikia harufu yake kabla hujafika mlangoni. Ikisimama na moto ukizimwa, sehemu ya nje hupoa na kuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali ya hewa ambayo vijidudu huipenda. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kipikwe hadi kifikie joto la nyuzi 70 za Selsiasi, na kikisubiri mlaji kiwekwe katika joto lipitalo nyuzi 60. Wala chakula kilichopikwa kisiachwe bila moto wala baridi kwa zaidi ya saa mbili. Muuzaji anayezima jiko ili kuokoa gesi, kisha akaliwasha mteja atokeapo, anaokoa shilingi yake kwa tumbo lako.

Pili tazama ukubwa wa nyama na wingi wa watu. Pia kubwa mbele ya mgahawa mtupu ni dalili mbaya, maana itazunguka hadi kesho, na pengine kesho kutwa. Mpishi mwangalifu huweka nyama inayolingana na wateja wake, ili iishe siku hiyo hiyo. Ndiyo maana saa za chakula cha mchana, wafanyakazi wanapotoka kwa wingi, ni saa nzuri za kula gyro. Foleni ile inayokuudhi ndiyo inayokulinda. Mimi niliifurahia jioni isiyo na foleni, na malipo yake nimekwisha kukusimulia.

Tatu tazama kisu. Gyro njema hukatwa mbele yako, kwa vipande vyembamba vyenye kingo zilizokauka na ndani laini. Wapo wanaokata mapema, wakavirundika vipande katika sinia pembeni, kisha wakakuchotea kwa koleo. Vipande hivyo vimekwisha kutoa jasho na kulowa; ladha imekwenda, na hujui vimekaa hapo tangu lini. Wako pia wasio na mhimili kabisa, ambao hununua vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani na kuvipasha moto. Chakula hicho huenda kikawa salama, lakini mzunguko hakina, na jina linakuwa la kuazima.

Nne, usimdharau mpishi anayevirudisha vipande motoni. Watu wengi wanaojigamba kuijua gyro watakuambia kwamba kipande kilichokatwa kisitiwe tena kwenye bamba la chuma. Hapa pana jambo la kupambanua. Vijidudu katika pande zima la nyama hukaa zaidi juu yake, nako moto huwafikia upesi. Lakini nyama ikisagwa, cha juu huingia ndani. Mwaka 2004, katika mji wa Calgary nchini Kanada, watu waliugua kwa bakteria hatari wa aina ya E. coli baada ya kula donair, ambayo ni jamaa ya gyro iliyotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga. Tangu hapo wataalamu wa afya nchini humo walipendekeza vipande vipikwe mara ya pili baada ya kukatwa. Basi ukimwona mpishi amekata sasa hivi, akavigusisha vipande kwenye bamba la moto kwa kitambo kidogo, huyo anakujali. Wa kumkimbia ni yule anayepasha moto mabaki ya jana.

Tano tazama vitu vidogo. Mkate upashwe moto hata ulainike, usivunjike unapoukunja. Vitunguu na nyanya viwe vya leo. Mchuzi wa mtindi uwe baridi, umetoka katika jokofu, nao utambulike kuwa na tango na kitunguu saumu, usiwe weupe mtupu. Tena mtazame anayepokea fedha: je, ndiye huyo huyo anayeshika mkate kwa mkono ule ule? Mgahawa unaopuuza vitu vidogo mbele ya macho yako hautavikumbuka vikubwa ukiwa nyuma ya pazia.

ULIZA BILA HAYA

Liko jambo ambalo macho peke yake hayalitoshi, nalo ni aina ya nyama. Msomaji Mwislamu akifika Athens na kuagiza gyro bila kuuliza, uwezekano mkubwa ni kwamba atapewa nguruwe. Chicago pia ina migahawa michache inayopanga nyama yake yenyewe kwa desturi ya Ugiriki. Zaidi ya hayo, kuambiwa kwamba nyama ni ya ng'ombe na kondoo si sawa na kuambiwa kwamba ni halali. Hilo ni swali la pili, linalohusu uchinjaji, na lipaswa kuulizwa peke yake. Anayetaka uhakika atafute migahawa iliyotangaza hivyo waziwazi, kwa mfano katika mtaa wa Devon kaskazini mwa jiji, penye wakazi wengi wenye asili ya Pakistani na India, naye pia aulize. Huko New York mikokoteni ya chakula cha halali imekuwa jambo la kawaida kando ya barabara, nayo huuza gyro juu ya wali.

Sisi tumelelewa kutomhoji mtu aliyetuandalia chakula, na adabu hiyo ni njema nyumbani kwa mwenyeji. Lakini muuzaji si mwenyeji wako. Umempa jasho lako la kutwa, naye anawiwa jibu. “Nyama hii ni ya nini? Imewekwa motoni lini? Nikatie sasa hivi, tafadhali.” Maneno hayo si matusi. Muuzaji mwema huyapokea kwa furaha, kwa kuwa yanamtofautisha na jirani yake aliye mvivu. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

FUNZO LA NYUMBANI

Nimekupeleka mbali, ndugu msomaji, lakini sikusudii kukuacha huko. Vipimo vile vile vinafaa mbele ya shawarma ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, na mbele ya mshikaki pia, ingawa mshikaki hauzunguki wenyewe na hutegemea mkono wa mchomaji. Hatuna sababu ya kuwaogopa wachoma nyama wetu. Wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, wanaosimama mbele ya moto mpaka usiku ili watoto wao waende shule. Anayestahili kuungwa mkono ni yule aliyeacha jiko lake likiwaka ingawa gesi ni ghali. Tukinunua kwake na kumpita mwenzake, tumemlipa kwa uaminifu wake, na huyo mwingine atajifunza upesi kuliko kwa kugombezwa.

Akina baba na akina mama, watoto wetu wanapotoka nasi mwisho wa juma hutazama tunavyochagua. Tukinunua kwa njaa, nao watanunua kwa njaa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mwenye njaa hana miiko, na hilo ni onyo kwetu, wala si ruhusa. Kula tunda kabla ya kutoka nyumbani, ili utakapofika mbele ya mpishi uwe na subira ya kutazama.

Juma lililopita nilimchukua tena binti yangu, safari hii mahali pengine, penye watu wengi. Alisimama kimya akiitazama nyama kwa muda mrefu, hata nikadhani anaogopa. Kisha akaniambia, “Baba, inazunguka.” Tukaingia katika foleni, tukangoja kama robo saa, tukakatiwa, tukala. Usiku ule nyumba nzima ililala usingizi.